Uchungu Unaotembea Kwenye Seng'enge

Habari ya mtoto wa Soin ilimkuta Cherotich kwenye kituo cha kununulia chai, siku ya Jumanne, kikapu cha majani kimeegemea goti lake na lori la kiwanda bado halijafika. Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka kumsalimia dada yake huko chini aliitoa habari hiyo kama mtu anayesema jana mvua ilinyesha. Alisema huko Soin kuna mtoto ambaye akidungwa na mwiba halii. Anayelia ni jirani.

"Na yeye mwenyewe hasikii?" mmoja akauliza.

"Hata kidogo. Anaendelea kucheza."

"Basi huyo amebarikiwa. Wangu akiona sindano tu, zahanati nzima inajua jina lake."

Wakacheka. Lori likafika, watu wakasimama kupanga foleni ya mizani, na habari ikaachwa pale chini pamoja na majani yaliyokataliwa. Cherotich peke yake ndiye aliyeibeba mpaka nyumbani. Kabla ya kuondoka alimvuta yule mwanamke kando, akamwuliza mtoto aliguswa na nini.

"Wengine wanasema ni nguzo ya stima. Wengine wanasema radi. Kuna wanaosema ni simu, eti alikuwa analala nayo."

Kuanzia siku hiyo binti yake Chepngetich, mwenye miaka minane, gredi ya tatu, hakuruhusiwa kupita karibu na nguzo ya stima. Alizungukia katikati ya michai ya jirani na kufika shuleni sketi imelowa umande. Baba yake, Kiptanui, aliporudi mwisho wa mwezi kutoka kiwandani, simu yake ilitundikwa kwenye msumari mpaka siku ya kuondoka. Na mvua ya saa tisa ilipoanza kunguruma, mtoto aliwekwa katikati ya nyumba juu ya kigoda cha mbao, miguu juu.

"Yeyo, nitakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka inyamaze."

"Na isiponyamaza?"

"Utakula hapo hapo."

Cherotich alikuwa mama wa namna hiyo. Maji alichemsha mara mbili. Wakati wa kulala aliweka kiganja mbele ya pua ya mtoto kuhakikisha anapumua, akakitoa, halafu akakirudisha.

Upande ule wa kilima, juu kidogo ya Kiptere, nyumba tano hupuliza ng'ombe pamoja kila Alhamisi. Bomba ni moja na dawa ya kupe ni moja. Wanaanzia nyumba hii, wanamalizia ile, na wiki inayofuata zamu inasogea ili kila nyumba ipate kuwa ya mwisho. Kuwa ya mwisho ni jambo zuri, kwa sababu dawa inayobaki ndani ya bomba ni ya nyumba ya mwisho. Mabaki hayo yanaua viroboto wa kuku, yanaua kunguni kwenye nyufa za kitanda, yanasafisha mbwa. Mtu akiyamwaga anatazamwa kama aliyemwaga maziwa mbele ya wageni.

Dawa yenyewe hutoka kwa Gibson, mwenye duka la agroveti pale senta. Gibson huleta mtungi mkubwa wenye picha ya fuvu na maandishi mengi madogo, na kwa kuwa hakuna mwenye ng'ombe wawili anayehitaji mtungi mzima, huwapimia watu kwenye chupa ya soda. Maandishi hubaki kwenye mtungi, na mtungi hubaki nyuma ya kaunta.

Mwezi huo ulikuwa wa vumbi. Chepngetich alipata funza kwenye zizi, vidole vitatu mguu wa kushoto na viwili wa kulia. Funza ni aibu. Funza husema nyumba haifagiliwi. Cherotich alimvalisha mtoto gambuti siku ya Jumapili, jua likiwaka, akampeleka kanisani. Jirani yake Nyamoita, ambaye watu wake walitoka Kisii miaka mingi iliyopita na ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu, akawangoja mlangoni.

"Mama Chepngetich, kwani mtoto anakuja kuomba ama anakuja kuchimba mtaro?"

Cherotich akamwambia ukweli kwa sauti ya chini.

"Funza tu? Obee! Si Alhamisi hii wewe ndiye wa mwisho? Tia miguu ndani ya karai, dakika kumi. Watatoka wenyewe wakiomba msamaha. Wangu wote wanne niliwatoa hivyo."

Alhamisi ikafika, ng'ombe wakapulizwa, na mabaki yakamwagwa kwenye karai la Cherotich, maji meupe kama ya mchele, yenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Kabla ya kumwita mtoto alitazama mbingu. Hakukuwa na wingu. Simu haikuwa nyumbani. Nguzo ya stima ilikuwa mbali. Akaketi kando yake, akamshika mkono, na wakahesabu pamoja dakika kumi. Miguu ya mtoto ilikuwa na nyufa za kisigino, na mahali alipokuwa amejikuna palikuwa na damu.

"Inawasha, Yeyo."

"Ndiyo inafanya kazi."

Chai haikuwa imechemka mtoto alipoanza kutokwa na mate. Jasho likafuata. Macho yakafinyika mpaka mboni zikawa kama ncha za sindano, na nyama ya miguu ikaanza kurukaruka chini ya ngozi, huku na huku, kama sufuria ya maharagwe. Nyamoita ndiye aliyekimbia kuita bodaboda. Kule zahanati daktari alinusa mtoto, hakuuliza swali, akachoma sindano, akangoja, akachoma nyingine, na nyingine. Muuguzi alimwosha kwa sabuni mara tatu. Walikaa huko siku nne.

Siku ya nne daktari aliketi kando ya kitanda akamweleza Cherotich, kwa kuwa Cherotich alikuwa amemwuliza kila mtu, hata mpishi.

"Mwili una stima yake, mama. Si kubwa. Mshipa wa fahamu umezungukwa na chumvi nje, na ndani una chumvi ya aina nyingine. Kwenye ukuta wake kuna vilango vidogo sana. Mtoto akikanyaga kitu, vilango vya kidoleni vinafunguka, chumvi ya nje inaingia kwa kishindo, na kishindo hicho kinafungua vilango vinavyofuata. Hivyo hivyo, mpaka kichwani."

Cherotich aliona akilini akina mama wa kituo cha chai wamepanga foleni, kila mmoja akimgutusha mwenzake begani, hakuna anayeondoka mahali pake, lakini mgutuko unafika kwenye mizani.

"Mshipa unapoishia kuna pengo," daktari akaendelea. "Hapo mwili unamwaga tone la dawa yake, linavuka, linagusa mshipa wa pili au nyama. Halafu kuna mfagiaji. Analifagia lile tone ili kunyamaze. Dawa ya kupe humfunga mfagiaji mikono. Basi hakunyamazi tena. Kupe anatetemeka mpaka anakufa."

"Na mtoto?"

"Kupe na mtoto wameungwa kwa waya za aina moja."

"Na moyo?"

"Moyo nao unapiga kwa stima ya mwili."

Hilo la mwisho Cherotich alitamani asingeuliza.

Walirudi nyumbani Jumatatu. Funza walikuwa wamekufa wote. Jumatano Chepngetich alikuwa akivuka shamba la mahindi lililovunwa, akakanyaga kisiki cha bua, bua likaingia kwenye wayo na kutokea kando. Akaendelea kutembea. Ng'ambo ya ua, Nyamoita alikuwa akianika blanketi juu ya seng'enge, na akaruka kwa mguu mmoja.

"Mguu wangu! Nani amenidunga?"

Akavua kiatu, akatazama wayo, hapakuwa na kitu. Akatazama ng'ambo akamwona mtoto akija na bua limesimama mguuni kama msumari.

"Mama Chepngetich," akaita, "njoo utoe huu mti kwa mguu wa mtoto. Mimi nimesikia ya kutosha."

Cherotich akalitoa. Chepngetich alitazama damu yake kwa utulivu, kama anatazama ya kuku. Nyamoita alisaga meno mpaka bua likatoka lote, akashukuru, akarudi kwenye blanketi. Dakika moja ikapita, ndipo akashika tena mguu.

"Kumbe haujaisha. Sasa ule mwingine ndio unakuja. Huu wa kuuma polepole."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba vitu viwili vilikuwa vikimtoka mtoto, na kwamba havikuwa na mwendo mmoja. Mguso ulikwenda mbio. Uchungu ulifuata nyuma. Vyote viliingia kwenye seng'enge, ambayo inaanzia kwa Cherotich, inashika barabara, inapita nyumba kumi na moja, na kuishia kwenye nguzo ya duka la Gibson.

Mwalimu Momanyi, anayefundisha sayansi, alikuja Jumamosi kupima. Alijiweka senta, mkono mmoja kwenye waya na mwingine umeshika simu. Saa nne kamili Cherotich alimtekenya mtoto kwenye wayo. Ni kilomita mbili. Mwalimu alicheka baada ya sekunde ishirini.

"Mita mia moja kwa sekunde," alisema aliporudi, akiandika. "Hii si stima ya nguzo. Ya nguzo ingefika kabla sijafunga mdomo. Hii ni ya mwili. Na uchungu?"

"Uchungu unatembea kwa miguu," Nyamoita akamwambia. "Mimi huwa nausikia ukipita kwangu kama mgeni aliyechoka."

Mwalimu akaandika hilo pia, akanywa chai, akaenda zake.

Watu walizoea. Waliacha kuanika nguo kwenye seng'enge saa za mtoto kwenda na kutoka shule. Mzee Kipruto, aliyekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, alikuwa akitoka asubuhi na magongo yake, anashika waya wakati Chepngetich anapita kwenye umande, anafumba macho, halafu anarudi ndani kunywa uji. Jirani mmoja alilalamika kwamba mtoto hupiga mawe teke. Mtoto akaonywa. Hakuna aliyetaka zaidi.

Ni Cherotich tu aliyekosa usingizi. Mtoto asiyesikia mguu wake ni mtoto atakayeupoteza. Asubuhi alikagua nyayo, mchana alikwenda shuleni akazikagua tena mbele ya darasa, jioni akazipapasa kidole kwa kidole. Alipokuwa kwenye chai, mikono ikichuma, sikio lilikuwa barabarani kusikiliza kama kuna mtu wa nyumba yoyote amepiga kelele. Mara kwa mara aliweka kiganja kifuani mwa mtoto na kubana pumzi yake mwenyewe.

Mwezi wa pili tangu watoke zahanati, saa tano asubuhi, siku isiyo ya shule, alisikia Nyamoita akipiga yowe. Baada yake nyumba ya pili ikapiga yowe, ya tatu, zote kumi na moja, haraka haraka, mpaka huko juu. Alitupa kikapu akakimbia. Jikoni kulikuwa na harufu ya nyama. Chepngetich alikuwa amesimama kando ya meko akikoroga uji, akiimba, na mguu wa kushoto ulikuwa juu ya kaa lililoanguka.

"Yeyo, uji uko tayari," alisema.

Cherotich alimfunga mgongoni kwa leso akatoka. Hakungoja bodaboda. Zahanati iko senta, mlango wa pili kutoka kwa Gibson. Alishika barabara kando ya seng'enge akitembea mwendo wa mtu mwenye mzigo, na kabla ya kufika kwa Nyamoita aliona waya ukitetemeka kidogo hatua moja mbele yake. Akiongeza mwendo anaupita. Akipunguza unamngoja. Ulikuwa uchungu wenyewe, umetoka nyumbani pamoja nao, ukielekea walikokuwa wakielekea.

Walienda hivyo kilomita mbili, mama, mtoto mgongoni, na uchungu wa mtoto kando. Chepngetich aliendelea na wimbo wake wa shule. Kwa Nyamoita uchungu ulipita, Nyamoita akaketi chini kwenye nyasi, akaguna, akainuka. Kwa Mzee Kipruto, mzee alikuwa ameshauona unakuja. Alishika waya kwa mikono miwili, akalia machozi, hakuuachilia mpaka ulipopita. Nyumba ya saba walifunga mlango. Nyumba ya tisa mama mmoja alisema kutoka ndani, "Harakisha naye, dada, tunaumia." Cherotich alijaribu mara moja kushika waya ili uingie kwake. Ulipita katikati ya vidole vyake ukaenda mbele, kwa sababu waya ulikuwa mrefu na yeye alikuwa mtu mmoja.

Walifika senta pamoja. Gibson alikuwa amesimama mlangoni pa duka, bega limeegemea nguzo, akimimina dawa ya kupe kutoka kwenye kopo la kupimia kuingia kwenye chupa ya soda. Mteja mmoja alikuwa akingoja. Uchungu ulimaliza waya, ukapanda msumari, ukafika. Gibson akauma mdomo. Akainua mguu wa kushoto, akasimama kwa mmoja kama korongo, jasho likamtoka kwenye paji. Mkono haukutetemeka. Alimimina mpaka tone la mwisho, akafunga kizibo, akampa mteja chupa. Ndipo akautua mguu taratibu.

"Mama Chepngetich, pole," alisema. "Huo wa leo ni mkali."

"Umeusikia?"

"Nausikia kila siku. Mimi ndiye mwisho wa waya."

"Na bado unapima kwenye soda?"

Gibson alifuta paji kwa kitambaa. Hakukasirika. Ni mtu mpole, huchangia kila harambee.

"Hii ni ya ng'ombe. Mimi sikuwahi kukuambia ni ya mguu."

"Hukuniambia si ya mguu. Maandishi uliyabakisha ndani."

"Anayetaka maandishi anunue mtungi."

Mteja aliyeshika chupa alikohoa. "Tusipouziwa kwa chupa tutauziwa na nani, mama? Kupe hawangojei," alisema, akaondoka na chupa yake. Cherotich akapeleka mtoto zahanati. Daktari alikata ngozi iliyokufa bila ganzi, maana haikuhitajika, na kote barabarani, nyumba baada ya nyumba, watu waliinuka kutoka kwenye viti vyao.

Jumapili iliyofuata walikutana nje ya kanisa. Hakuna aliyemtukana. Walizungumza kwa upole, mmoja baada ya mwingine.

"Hatusemi mtoto ni mbaya. Lakini mimi nina presha."

"Juzi nilimwaga mursik yote, maziwa ya kibuyu kizima, kwa sababu ya mguu ambao si wangu."

"Hata Gibson anaumia, na yeye hana kosa."

Ikaamuliwa waya ukatwe baada ya boma la Cherotich. Mzee Kipruto peke yake ndiye aliyekataa, akasema waya ndio mguu aliobaki nao, wakamwambia atazoea. Cherotich alisimama akauliza akiwa ameshika kiti.

"Mkikata, mimi nitajuaje?"

"Utamwangalia," wakasema. "Wewe si ndiye mama?"

Gibson alijitolea pilasi mpya kutoka dukani, na Jumatatu asubuhi wakakata. Siku hiyo hakuna aliyeruka. Wanawake walianika tena mablanketi.

Uchungu haukukoma, ulikosa tu pa kwenda. Ulifika kwenye ncha iliyokatwa ukasimama, wa asubuhi ukaja ukaukuta wa jana, wa jioni ukaukuta wa asubuhi, ikawa ile ncha inatetemeka hata pasipo upepo na ndege hawatui hapo. Cherotich aliligundua hilo alipokwenda kuishika. Sasa hapakuwa na waya wa kuupitisha mbele, na yeye akatosha. Tangu hapo huenda mara mbili kwa siku, akishamaliza kukamua, anafunga mkono kwenye ncha ile. Kwanza huja miguso, myepesi, nyasi, sakafu, soksi. Halafu huja uchungu wote uliokuwa ukingoja, mmoja mmoja, naye huupokea na kujua: hapa alikanyaga msumari, hapa kiatu kinambana, hapa jeraha limefungua mdomo. Ukiisha wote hubaki akingoja, kwa sababu chini kabisa ya waya kuna kitu kingine kinachogonga, kidogo, sawasawa. Hukihesabu mpaka mia. Siku nyingine hukosea hesabu kwa hofu, akaanza tena.

Alhamisi za kupuliza zinaendelea. Zamu ilipomrudia alichimba shimo mbali na kisima akayamwaga mabaki humo, na wenzake wakatazama pembeni. Wiki iliyofuata nyumba ya mwisho ilikuwa ya Phyllis, aliyeolewa mwaka jana na ana mtoto mchanga. Cherotich alimfuata akamweleza kila kitu, tangu vilango vya chumvi mpaka mfagiaji. Phyllis alimsikiliza kwa heshima, mikono nyuma.

"Nimesikia, mama. Asante," alisema.

Akabeba karai ndani, akafunga mlango.

Ndiyo sababu Cherotich aliyaandika haya kwenye karatasi ya daftari la mtoto, akayabandika kituoni juu ya mizani, mahali kila mtu hutazama:

Usinunue dawa ya kupe ndani ya chupa ya soda.

Usiweke mabaki kwenye karai la kuogea, wala sufuria, wala kibuyu.

Usimtie mtoto miguu humo, hata kama ana funza, hata kama jirani alifanya na wake wakapona.

Usinyunyize blanketi. Usioshe nywele nayo.

Usipulize ng'ombe bila gambuti, wala ukielekea upepo.

Usimnyweshe maziwa mtoto anayetokwa na mate ukingoja apate nafuu. Mwoshe kwa sabuni, mpeleke zahanati, nenda na chupa.

Usione aibu ya funza.

Usingoje mtoto alie ndipo utazame mguu wake.